Firmin Kwanza

Kabla ya kolera, Firmin Balagizi hakuwahi kuweka mdomo wake kwenye glasi ya mgeni. Mbelgiji aliyejenga hoteli alimfundisha kwamba mhudumu ni mikono, si mdomo, na Firmin aliyashika maneno hayo kama wengine wanavyoshika katekisimu. Mkono wa kushoto mgongoni, wa kulia na sinia, shati jeupe ambalo mke wake Constance alilipiga pasi ya makaa kila alfajiri. Wazungu walioshuka kutoka mlimani kwa gorila, matope bado magotini, walimwita kwa kidole tu, naye alikuwa amefika kabla kidole hakijarudi mezani. Watu wa parokia walitania kwamba hata akienda kupokea komunyo alitembea kama mtu aliyebeba sinia.

Constance alikuwa jikoni mwa hoteli hiyohiyo. Yeye alipika, mume alipeleka. Waliishi katika chumba cha nyuma, kati ya stoo ya makaa na ukuta wa bustani, na humo walilea binti wawili waliokwisha kuolewa mbali. Hawakuwa na nyumba nyingine. Shamba la Katana walikuwa wamegawana ndugu zake Firmin zamani, wakisema mtu anayekula kwa wazungu hana haja ya mihogo.

Hoteli ilikuwa Muhumba, mjini Bukavu, pale ambapo nchi inaingia ziwani kama kidole. Zamani iliitwa kwa Kifaransa. Baadaye, wakati mali ya wageni ilipogawiwa wananchi na majina yetu ya ubatizo yalipokatazwa, Mbelgiji aliondoka na masanduku yake, akaja Citoyen Zihalirwa, yaani Mwananchi Zihalirwa, kama serikali ilivyotaka tuitane, mtu wa abakosti nzuri, ile suti isiyo na tai, na macho yasiyotulia, akaibandika jina la Hoteli Nyange. Ofisini Firmin alikuwa Citoyen Balagizi. Jikoni, kitandani na mbele ya Mungu alibaki Firmin.

Halafu mwaka wa sabini na nane kolera ikapanda kutoka kusini. Ilipita mabondeni, ikaingia mjini, ikabisha kwanza kwenye nyumba za wale wanaochota maji ziwani. Watu waliugua asubuhi wakazikwa jioni, bila kilio, bila matanga, watumishi wa usafi wakimwaga chokaa juu ya jeneza kama mtu anayeweka chumvi kwenye nyama. Wazungu waliondoka. Magari ya watalii hayakupanda tena mlimani. Kwenye Hoteli Nyange vitanda vilitandikwa, vikatanduliwa, vikatandikwa tena, bila mtu kulala.

Ugonjwa ulipopungua, wazungu hawakurudi. Siku moja Citoyen Zihalirwa aliingia jikoni, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, akasimama mbali na moshi ili usishike nguo yake.

"Firmin, mimi nafunga," alisema. "Hoteli bila bazungu iko nini? Nyumba kubwa ya kulalisha panya."

"Citoyen, mutupatie kwanza muda."

"Muda ya kufanya nini? Kupiga viatu rangi?"

"Mu hii muji kuko batu," Firmin alisema. "Kuko balimu, bakarani, bachuuzi ya soko ya Nyawera. Kuko bale ya dhahabu ya Luhwindja. Kila siku ya Mungu banatoka misa, banarudia kukaa mu kivuli ya nyumba zabo. Tubaite."

Zihalirwa alicheka hadi akashika mlango. "Batu ya hapa! Batakuya kuangalia nini? Ziwa? Ziwa banaionaka tangu banazaliwa."

"Banaionaka na ndoo ku kichwa, Citoyen. Habajakaa mbele yake hata siku moja."

Constance aliinua uso kutoka kwenye sufuria. Katika miaka yote hiyo hakuwa amemsikia mume wake akimbishia bwana. Zihalirwa naye aliacha kucheka. Alimtazama Firmin kama mtu anayemtazama mbwa aliyesema.

"Mpaka Asumpsio," alisema, akimaanisha sikukuu ya Bikira Maria ya katikati ya Agosti. "Kama pale nyumba haijai, munabeba godoro yenu, munakwenda."

Basi Firmin akatembea. Hakuandika tangazo, kwa sababu watu wetu hawaendi karamu ya karatasi. Alikwenda nyumba kwa nyumba, kama mtu anayealika harusi. Alisimama kwenye milango ya makanisa baada ya misa, shati jeupe, kofia mkononi. Aliwaambia kwamba nchi yao ni nzuri, na kwamba si haki uzuri wake uliwe na watu wa mbali peke yao. Wengine walimcheka. Wengine walimwuliza kama gorila naye ataketi mezani. Lakini Préfet Modeste, mkuu wa shule moja ya sekondari, mtu ambaye akikohoa kanisani kwaya husita, alisema atakuja na jamaa yake. Na Modeste akija mahali, watu huja.

Siku ya Mungu iliyofuata, yaani Jumapili, meza saba zilijaa. Constance alikaanga sambaza, dagaa wa ziwani, hadi mikono ikanuka ziwa, akapika sombe ya majani ya mihogo, akachoma nyama. Firmin alipeleka vyote, akamimina bia na maji, akarudi nyuma hatua yake ya desturi, akangoja.

Hakuna aliyegusa kitu.

Walikaa wima wakitazama chakula kikipoa. Firmin alirudi jikoni, jasho kwenye paji.

"Habapendi," alinong'ona. "Constance, nimekufa. Habakuli."

Constance alichungulia mlangoni, akaelewa mara moja, na karibu acheke. "Wee Firmin! Ulikaa na bazungu mpaka ukakuwa muzungu? Banakungoja weye."

"Miye?"

"Onja!"

Maana kila mtu wa Bukavu anajua, tangu maziwa ya mama, kwamba anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele ya macho yako. Hufanya hivyo ili kuondoa hofu ya karuho, ile sumu inayotajwa kwa sauti ndogo, ambayo kila ukoo una marehemu wake wa kuisingizia. Bibi humwonjea mjukuu. Rafiki humwonjea rafiki aliyekula naye miaka thelathini. Mtu asiyeonja ni mtu mwenye neno moyoni. Firmin mwenyewe alifanya hivyo nyumbani kwake; ila kazini alikuwa mikono, na mikono haina ulimi.

Alilivuta shati lake chini. Kisha akatoka, akaenda mezani kwa Modeste, akachukua glasi ya préfet, akanywa funda moja, akala sambaza mmoja wa sahani yake. Constance, kutoka mlangoni, aliona shingo yake imeinama kama ya mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

"Ah!" Modeste alisema, akashika uma. "Sasa tuko kwetu."

Na wote wakala.

Hivyo ndivyo Hoteli Nyange ilivyofufuka. Walikuja maarusi, zikaja kwaya, wakaja makarani na wake zao wenye vitambaa vipya, wakaja wachuuzi wa Nyawera waliokuwa hawajawahi kukaa kwenye kiti chenye mto. Asumpsio ilipofika, watu waliketi hadi kwenye nyasi. Zihalirwa alichora langoni kwa rangi nyekundu: MGENI NJOO, MWENYEJI APONE. Alijitwalia sifa yote, akawaambia wakubwa wa Mkoa kwamba mawazo hayo yalimjia alipokuwa anatafakari maendeleo.

Kila meza ilimtaka Firmin. Watoto walianza, wakubwa wakafuata: akitokea tu na sinia, bustani nzima ilipiga makofi na kuimba, "Firmin kwanza! Firmin kwanza!" Mwanzoni ilikuwa utani wa mapenzi. Lakini watu waliopewa kitu cha kuchezea hawakiachi kikiwa kizima. Walimtilia pilipili kwenye bia wakamtazama akimeza bila kukunja uso. Walimnyoshea mfupa uliokwisha kutafunwa na mtu, wakasema, "Firmin kwanza." Siku moja mwenye dhahabu wa Luhwindja alipanga chupa za bia ya Primus mezani kama askari, akamfanya aonje kila moja, na nyingine, na nyingine, hadi sinia likamponyoka kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Bustani ilicheka hadi ng'ambo ya maji. Zihalirwa alicheka kuliko wote.

Siku hiyo Constance alimvua viatu kitandani. Firmin aliangalia dari.

"Mbelgiji alisema mikono," alisema.

"Mbelgiji alienda. Siye tuko."

"Ndiyo. Tuko." Baadaye kidogo akaongeza, "Lakini uliona? Nyumba ilijaa."

Ndivyo alivyokuwa. Mungu alimpa uvumilivu mwingi kuliko ulivyomfaa.

Ikafika Jumapili ya komunyo ya kwanza. Préfet Modeste alimleta binti yake Yolande, gauni jeupe na taji la maua ya karatasi, pamoja na wenzake wa katekisimu, wazazi, wasimamizi wa ubatizo, watu ambao Constance hakuwahi kuona wengi hivyo mahali pamoja tangu Baba Askofu aje kuweka jiwe la msingi. Mabomba ya mji yalikuwa yamekauka tangu katikati ya juma. Maji ya kupikia yalipandishwa kutoka ziwani, chini ya bustani, na Constance aliyachemsha yote, sufuria baada ya sufuria, kwa sababu kolera ilikuwa imepungua tu, haikwisha. Juma lililotangulia ilikuwa imechukua watu wawili mtaani Kadutu.

Makaa yakaanza kuisha. Nyama ilikuwa bado nusu. Constance alikuwa ameteka maji ya juisi ya watoto na kuyaweka motoni, yakawa vuguvugu tu, Zihalirwa alipoingia.

"Bado? Batoto banalia kiu!"

"Maji haijachemka, Citoyen."

"Toa hiyo sufuria. Weka nyama. Batu bakubwa banangoja nyama."

"Na juisi?"

"Changa na hii maji sasa hivi. Marakuja iko na ukali yake, inauwa kila kitu."

Akasimama pale hadi Constance aliposhusha sufuria, hadi alipokamulia matunda ya marakuja na kutia sukari, hadi alipojaza jagi kubwa la kioo. Kisha akaenda kusalimia wageni. Firmin aliingia kuchukua jagi, na Constance akamshika mkono.

"Usinywe hii," alisema. "Na batoto basinywe. Haikuchemka. Alisimama hapa, akanilazimisha."

Firmin aliangalia jagi, akaangalia juisi iliyobaki sufuriani. Angeweza kuliacha pale. Lakini Zihalirwa alikuwa tayari mlangoni tena, anapiga makofi, "Haya, haya, Firmin!" na Firmin, ambaye maisha yake yote aliitikia makofi, akabeba.

Alipotokea, bustani ililipuka. "Firmin kwanza! Firmin kwanza!" Watoto weupe kama njiwa walinyosha glasi zao. Yolande alikuwa mbele, taji limeinama juu ya sikio.

Firmin aliweka jagi mezani na kulifunika kwa kiganja.

"Leo hapana," alisema. "Hii juisi isinywewe. Mutusamehe."

Makofi yakafa kidogo kidogo, kwa sababu waliokuwa nyuma hawakusikia. Modeste alisimama. "Namna gani, isinywewe?"

"Maji yake haikuchemshwa, Préfet."

Zihalirwa alikuwa amekwisha kufika, meno yote nje. "Anachokozana tu! Ilichemshwa. Mimi mwenyewe niliona. Papa Firmin analewaka siku hizi, munajua wenyewe." Kisha, bila meno, "Kama haiko kweli, tuite mupishi. Constance!"

Constance alitoka akijifuta mikono kwa kitambaa. Alikuta uso nyuma ya uso. Katikati yao mume wake, kiganja juu ya jagi. Kando yake Zihalirwa, na macho yake yasiyotulia, kwa mara ya kwanza, yalikuwa yametulia: juu yake.

"Maman Constance," alisema polepole, "weye unakaa mu hii nyumba. Sema mbele ya bageni. Maji ilichemka ao haikuchemka?"

Aliona chumba. Aliona godoro barabarani, mvua, ndugu za Katana wamefunga mlango. Hakuwaza zaidi ya hapo. Wala hakujua kwamba kuna jibu lililo baya kuliko godoro barabarani.

"Ilichemka," alisema.

Kisha mwanamke mmoja akasema kile ambacho kila mmoja alikuwa amekwisha kukiwaza: "Kama maji iko muzuri, juu ya nini anakatala kuonja?"

Hapo ndipo walipokosea, na ni kosa la kwetu, hakuna taifa jingine ambalo lingelifanya. Mahali pengine mtu akisema usinywe, watu wangemwaga. Kwetu, mwenye jagi akikataa kuonja, jibu ni moja tu.

"Karuho," mtu alisema. Likapita meza kwa meza. "Karuho. Karuho. Ya batoto!" Kina mama waliwavuta watoto nyuma. Wanaume wakaja mbele. Mtu mmoja alimshika Firmin kola, kitufe kikaruka.

"Haiko sumu!" Firmin alisema. "Nilisema maji—"

"Bibi yako alisema ilichemka!"

"Basi kunywa!"

"Kunywa! Kunywa! Kunywa!"

"Na kama yeye hajui," alisema yule mwanamke, akimwonyesha Constance kwa kidole, "basi ni nani alichanga hii juisi? Si huyu?"

Firmin alisikia hilo. Constance aliona kwamba amesikia, maana aliacha kujitetea palepale, kama taa iliyozimwa. Alimtazama mke wake kwa jicho ambalo Constance alilitafuta hasira ndani yake miaka yote baadaye, asiione. Kisha akainua jagi kwa mikono miwili.

Walidhani atakunywa funda. Alikunywa, akapumua, akanywa. Juisi ilimwagikia shati. Aliposhusha jagi likiwa nusu, mtu alisema inatosha, lakini wengine wakapiga kelele, "Yote! Yote!" naye alikuwa amekwisha kuliinua tena. Constance alirudi jikoni akikimbia, akaipiga teke ile sufuria iliyobaki, juisi ikatambaa chini hadi kwenye majivu.

Bustanini Firmin alipindua jagi juu chini. Tone moja likaanguka mezani.

Walingoja. Hakuanguka. Basi wakaanza kucheka, jinsi watu wanavyocheka wakiogopa aibu yao, na mtu akampiga begani. "Ah, huyu muzee ana bichekesho!" Modeste alimrekebisha Yolande taji. Zihalirwa alitangaza soda kwa watoto wote, za chupa, zifunguliwe mbele ya macho, na bia ikauzwa siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote. Wageni walicheza hadi jua likazama. Firmin aliwahudumia na shati lake lenye madoa ya njano.

Kolera ilimkuta Jumanne, kabla ya kahawa. Constance aliijua kwa macho, jinsi kila mtu wa mji alivyojifunza kuijua: maji meupe kama ya kuoshea mchele, yasiyokoma, na mtu anayekauka mbele yako kama nguo juani. Kufikia saa nne macho ya Firmin yalikuwa yameingia ndani na vidole vyake vimekunjamana kama vya mfuaji. Constance alikimbilia ofisini.

"Citoyen, mutupatie gari. Twende hospitali."

Zihalirwa alikuja hadi mlango wa chumba, leso puani. Alichungulia, akarudi nyuma.

"Anaumwa nini?"

"Munajua."

"Mimi sijui kitu. Na weye haujui kitu. Mu hoteli yangu hakuna kolera, umesikia? Alhamisi bakubwa ya Mkoa bako na karamu hapa." Akafikiri. "Gari haiwezi. Itanuka. Umutoe kwa njia ya nyuma, si kwa lango."

Constance alipata wapagazi wawili wa Nyawera. Walimfunga Firmin kwenye kiti kwa kitenge na kumbeba kwa njia ya nyuma, ile ya takataka, iliyopanda wima. Jua lilikuwa kali. Katikati ya mlima wapagazi walimtua wapumzike, na Firmin akafungua macho. Sauti yake ilikuwa imekwisha kwenda. Constance alilazimika kuweka sikio mdomoni mwake.

"Ile ingine," alisema. "Ya sufuria. Ulimwaga?"

"Nilimwaga."

"Bon."

Akafumba macho. Constance alisali Salamu Maria masikioni mwake, na alipofika kwenye "saa ya kufa kwetu" wapagazi walivua kofia. Walikuwa wameona kabla yake.

Watu wa usafi walimzika kabla ya jua kuzama, na chokaa. Hapakuwa na padri, si kwa ukatili bali kwa amri ya ugonjwa. Hapakuwa na matanga. Hakuna aliyeuona mwili, na mwili usioonekana, kila mtu huuvika anavyotaka.

Zihalirwa ndiye aliyeuvika. Kwa hoteli, kolera ilikuwa kifo. Sumu ilikuwa hadithi tu. Akaketi na wageni, jambo ambalo hakulifanya zamani, akainama, akashusha sauti. Alisema alikuwa amefuga nyoka bila kujua. Alisema Firmin aliandaa karuho kwa watoto wa komunyo, kwa kumwonea wivu tajiri wake, na kwamba wageni wenyewe, kwa akili zao, walimlazimisha kuinywa. Si mnaona? Siku mbili tu. Mungu haki yake haichelewi.

Na watu, ambao wangeikimbia kolera hadi Kisangani, walikuja kuiona sumu. Walikuja kutoka Bagira na Kadutu, walikuja kutoka Katana kwa lori, walikuja wenye dhahabu na wake zao. Walitaka kukalia ile meza. Walionyeshana doa la njano kwenye mbao, ambalo Zihalirwa alikataza lisifutwe. Préfet Modeste, kama shahidi, alisimulia kila mara kwa marefu zaidi. Nchi ilikuwa imejifunza kweli kujitembelea yenyewe. Hoteli haikujaa hivyo hata enzi za Mbelgiji. Ndugu za Firmin wa Katana nao walikuja, wakala brosheti za nyama mezani pale, wakarudi nyumbani wakakataza jina lake lisitajwe kwenye misa ya ukoo. Mungu awasamehe. Wanadamu huchelewa kusamehe.

Constance alibaki jikoni kwa sababu chumba kilikuwa kilekile. Zihalirwa alimwambia kwa upole kwamba mjane wa mchawi anayepewa kazi ana bahati. Alivumilia majuma kadhaa. Alipika, na kupitia dirishani alisikia mume wake akiuawa kila siku ya Mungu, kati ya misa na jioni.

Kisha siku moja alivua aproni, akavaa kitenge cha kanisa, akatoka hadi kwenye ile meza. Modeste alikuwepo, na jamaa yake, na wageni wa wageni wake.

"Papa Préfet," alisema. "Bwana yangu hakukuwa na karuho. Alikufa na kolera. Maji ya jagi haikuchemka. Patron alinikataza kuchemsha. Firmin alijua, ndiyo maana alikatala. Alikunywa yote juu batoto basikunywe. Hata Yolande."

Zihalirwa alianza kuinuka. Modeste alimzuia kwa mkono, mpole, kama anavyomzuia mwalimu mwenye haraka mbele ya mwanafunzi mjinga.

"Maman," alisema, "siye bote tulikuwa hapa. Citoyen alikuuliza mbele yetu. Ulijibu nini?"

Constance aliangalia lile doa la njano.

"Ulijibu nini, maman?"

"Nilisema ilichemka."

"Basi. Leo unasema haikuchemka. Utuambie siye tuamini siku gani. Siku gani ulidanganya?"

"Ile siku."

"Juu ya nini?"

"Niliogopa."

"Na leo hauogope?" Modeste aliwatazama wageni wake, akatabasamu kwa huzuni ya mtu mwema. "Bibi ya mutu anatetea bwana yake. Ni kitu ya kawaida. Tusimukasirikie."

Watu wakatikisa vichwa, wengine kwa huruma. Huruma hiyo ilimuuma kuliko mawe. Mhudumu mpya, kijana wa Uvira aliyekuja baada ya yote hayo, alitokea mlangoni na sinia la bia, asijue lolote, na bustani nzima, ikifurahi kwamba jambo zito limekwisha, ikapiga makofi:

"Firmin kwanza! Firmin kwanza!"

Kijana akacheka, akainua glasi, akanywa. Alidhani ndivyo wasemavyo watu wa Bukavu wakitaka mtu aonje.

Jioni ile godoro lilikuwa barabarani.

Siku hizi Constance anauza uji Nyawera, karibu na wapagazi, na wale wawili waliombeba Firmin ndio wateja wake wa kwanza kila asubuhi. Wengine humpita. Uji wake huchemka kupita kiasi, hadi wanawake wenzake humcheka kwamba anapika mawe. Hauepui hadi utoe mapovu juu na pembeni, na hata hapo huungoja tena. Wazungu wameanza kurudi wachache wachache. Wanasema kwenye Hoteli Nyange nao wamefundishwa kupiga makofi na kuita jina lile, na hulitamka vibaya, na hufurahi sana.

Juma lililopita Yolande alipita na mama yake, sare ya shule, amerefuka. Harufu ya uji ilimsimamisha. Aliomba. Mama yake aliangalia aliyeshika upawa, akamtambua, akamvuta binti kwa nguvu hadi upande wa pili wa barabara, akimfunika mdomo kwa kiganja kana kwamba hata mvuke ungeweza kumwua.

Constance aliwatazama wakipanda mlima. Mtoto alitembea vizuri. Miguu yake ilikuwa na nguvu, mashavu yamejaa. Aliruka juu ya mfereji bila kushikwa. Constance alijaribu kumshukuru Mungu kwa ajili yake, kama Firmin angefanya, na maneno yalikuja kwa shida, moja moja, lakini yalikuja. Kisha akatia kuni nyingine chini ya sufuria, ingawa uji ulikuwa umekwisha kuchemka.